Kishikwambi Bubu cha Fundi Kimya

Aliyembandika jina la Fundi Kimya hakuwahi kukaa naye karakanani hata asubuhi moja. Katika ile karakana ya mabati tuliyokodi pamoja, yeye upande wa useremala na mimi upande wa msasa na vanishi, hakuna aliyemshinda kwa makelele. Akiweka nyundo, anaiangusha. Akivuta benchi, sakafu inalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Na akicheka, kicheko kinatoka tumboni na kwenda kinakotaka, maana mwenyewe hajui kinafika wapi. Wateja wageni walikuwa wakishtuka. Mimi nilitia pamba masikioni nikaendelea na msasa wangu.

Hakuzaliwa kiziwi. Homa ya utotoni ilimchukulia masikio kabla hajajua kusoma, akapelekwa shule ya viziwi, akatoka huko na lugha ya alama na useremala. Lugha yake nilijifunza kwa kulazimika. Kila anachosema nakielewa, ila nikijibu naongea kama mtoto anayejifunza kutembea, nashika huku naachia kule. Nikimtaka, napiga mguu sakafuni au namrushia kipande cha mbao mgongoni. Akigeuka, tunazungumza.

Nyumbani alikuwa na mke na binti mmoja. Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, anauza vitambaa vya mapazia sokoni, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Alama alizozijua zilikuwa za kuendeshea nyumba: njoo, kula, mgeni yuko mlangoni, hela hakuna. Miaka yote hiyo zilimtosha. Lakini binti yao alikuwa kitu kingine. Shemeji husimulia kwamba kabla mtoto hajasema "mama" alikuwa ameshaomba maziwa kwa vidole. Alipokua akawa ndiye masikio ya baba yake: benki, kwa mwenye nyumba, kwa wateja wabishi wanaotaka kabati kwa bei ya kigoda. Wakikaa wawili hao, mikono iliruka kwa kasi hata wewe uliye pembeni ukaona ndege tu, usijue wanatua wapi.

Kisha binti akapata nafasi chuo cha uuguzi, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Baba alimtengenezea sanduku la nguo lenye bawaba za shaba, akalipakia kwenye basi mwenyewe, akarudi karakanani akiwa na furaha iliyomjaa mpaka shingoni. Furaha hiyo ilikaa wiki moja.

Utauliza, si wangeandikiana ujumbe? Waliandikiana. Lakini maandishi kwake ni kama viatu vya kuazima, unavivaa ukafika msibani, huwezi kuvitembelea kila siku. Mtu aliyezoea kumsimulia mwanawe jinsi mteja alivyokunja uso, jinsi msumeno ulivyokwama, alijikuta anaandika "Mimi mzima. Wewe mzima?" na kupokea "Mzima baba." Hapo mazungumzo yamekwisha.

Walijaribu simu ya shemeji, yenye kioo kilichopasuka kona kwa kona. Shemeji akiishika karibu, mikono ya mumewe inabaki nje ya picha. Akienda mbali, binti anakuwa mdogo kama kidole gumba, na mkono wa shemeji unachoka, picha inashuka polepole mpaka binti anabaki kutazama mkeka. Karakanani wakaiegemeza kwenye kopo la gundi. Ikateleza, ikaangukia kwenye maranda. Baada ya hapo Jumapili zikawa za shemeji peke yake: anapiga simu ya kawaida, anazungumza na binti yake kwa sauti, anacheka, na mwisho anamgeukia mumewe na kumpa muhtasari wa alama mbili. Mzima. Anasalimia.

Nikaanza kumwona Fundi Kimya karakanani akiwa ametia mikono mfukoni. Kwa mtu mwingine hilo si neno. Kiziwi akitia mikono mfukoni, amefunga mdomo.

Siku moja akaja mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja mwenye haraka, akitaka rafu ya vitabu. Picha ya rafu alikuwa nayo ndani ya kishikwambi. Akakitoa mkobani, akakunja kava lake nyuma, akakisimamisha juu ya benchi. Kikasimama. Mwalimu akawa anaonyesha mbao za rafu, huku mwenzangu haangalii rafu kabisa. Alikuwa ameinama anatazama kile kitu kilivyosimama chenyewe, bila kushikwa na mtu.

Mwalimu alipoondoka akaniuliza kinaitwaje. Nikaanza kumwandikia kwa vidole, herufi moja moja: K, I, S, H, I… Nilipofika katikati nikasahau herufi ya W inavyokunjwa, nikaanza upya. Akanishika mkono, akaniambia niache, kitu kidogo vile hakiwezi kuwa na jina refu kiasi hicho. Akakitungia alama yake: kiganja kimoja kimesimama juu ya kingine. Ndivyo tunavyokiita mpaka leo.

Jioni akamwambia mkewe kwamba anakitaka. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nikafanya kosa la kutumia jina la dukani. "Shemeji, mumeo anataka tableti."

Shemeji akaacha kukunja kitambaa. "Anaumwa nini?"

Tulipomaliza kucheka ndipo ubishi ukaanza. Shemeji hakuwa mtu wa kukataa, alikuwa mtu wa kutaka kizuri. Kama ni kununua, alisema, basi kinunuliwe kikubwa, cha jina, chenye picha safi, wasubiri malipo ya viti vya ukumbi tulivyokuwa tumeagizwa. Rahisi ni ghali, na vile vidogo vya bei ya chini vinakufa kama kuku wa kideri. Binti naye alipoandikiwa akajibu vilevile: "Baba, vya bei rahisi vinaganda. Subiri nimalize chuo nitakununulia mwenyewe."

Mwenzangu aliusoma ujumbe huo, akanionyesha, akanyanyua mabega. Kumaliza chuo ni lini? Na viti vya ukumbi tulikuwa hata mbao zake hatujazipasua.

Kesho yake mchana, tukiwa tumekaa juu ya mbao tunapumzika, akaanza kupima. Katika lugha yake kupima jambo unalipima kweli: viganja viwili vinakuwa mizani, unaweka hoja huku, unaweka hoja kule, vinapanda na kushuka. Kiganja cha kulia akaweka kwamba kidogo kinatosha kuona mikono na uso kwa pamoja. Kinasimama. Ni chepesi, kitakwenda nyumbani na kurudi karakanani. Na kinapatikana sasa, mtoto akiwa bado anahitaji baba. Cha kushoto akaweka kwamba kitakuwa kizito cha kufikiri, betri yake haitafika jioni, hakina nafasi ya kuweka mambo mengi, na vumbi letu hili la mbao litakiua. Mizani ikasimama sawa. Akanitazama, anataka nami niweke changu.

Nikamwambia kwa mikono yangu ya kuungaunga: heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Ilinichukua muda kuifikisha, nilikosea tisa nikaonyesha sita. Aliponielewa, kiganja cha kulia kikashuka mpaka gotini.

Tukaenda dukani Jumamosi. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, shati limechomekwa, maneno yanatoka kama maji ya bomba. Akatutolea kishikwambi kidogo cheusi, na kabla sijafungua mdomo akaanza kumhubiria mwenzangu moja kwa moja.

"Mzee wangu, hiki usikione kidogo. Sikiliza sauti yake! Spika mbili. Ukifungulia muziki, mtaa mzima unaamka!" Akafungulia. Duka zima likatetemeka. Watu wakageuka. Mwenzangu akabaki ametulia, anamtazama kijana kwa upole kama mtu anayesubiri foleni.

"Mzee, umesikia hiyo besi?"

"Kaka," nikamwambia, "huyu hasikii. Ni kiziwi."

Kijana akazima muziki kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Akaomba radhi mara nyingi, akaniomba nami nimfikishie radhi. Nilipomfikishia, mwenzangu alicheka kile kicheko chake, na sasa duka likageuka kwa mara ya pili.

Kisha akakikagua kishikwambi kama anavyokagua ubao. Alikiinua usawa wa jicho, akakitazama ukingoni kuona kama kimepinda. Akapitisha kidole kwenye maungio. Akanitaka nimwambie kijana awashe kamera ya mbele, akakisimamisha juu ya meza ya kaunta, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaanza kuongea na picha yake mwenyewe: alama za polepole, kisha za haraka, kisha za haraka sana. Wateja walidhani ni mchezo, wakampisha. Aliporudi uso wake ulikuwa umepungua nuru. Mikono ikienda haraka, alisema, kwenye kioo inakuwa moshi.

"Ndiyo kamera ya bei hii," kijana akakiri. "Siwezi kukudanganya. Za picha safi ziko pale juu." Akaonyesha kwa kidevu, na bei zake zilikuwa juu kweli. Mkononi tulikuwa na hela za hiki kidogo tu, nazo hazikutimia.

Tulikuwa tumeshageuka kuondoka kijana alipotuita. Alikuwa ameinama chini ya kaunta. Akaibuka na boksi lililofunguliwa.

"Ndugu zangu, ngojeni. Kuna hiki. Ni ndugu yake yule yule, kipya, ila kimekuja na spika imekufa. Hata ukichomeka vya masikioni, kimya. Kila mtu anakirudisha. Bosi ameshasema kiuzwe kwa bei ya hasara, na hakuna anayekitaka." Akasita, akaona haya ya kile anachotaka kusema. "Sasa nikawaza… kwa mzee hapa…"

Nilipoyageuza maneno hayo kuwa alama, Fundi Kimya akaweka kiganja juu ya boksi kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Akaniambia: mwambie, mimi na hiki tulisoma shule moja.

Kijana alilipenda neno hilo akataka kutukabidhi palepale. Lakini mwenzangu alimwomba akiweke mpaka Jumatatu. Nyumba ina watu wawili, alisema, na mmoja wao ana masikio.

Nilikuwepo shemeji alipoambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mapajani.

"Na mimi nitasikiaje?" akauliza.

"Shemeji, simu yako si ipo?" nikasema. "Utampigia kama kawaida."

"Sisemi simu." Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Hawa wawili wakianza kuongea mimi sioni kitu. Mtoto alipokuwa hapa alikuwa ananitafsiria. Sasa watakaa mbele ya kioo wanacheka, nami niko jikoni mwangu kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Nyumba yangu mwenyewe, ndugu yangu."

Nikamgeukia mwenzangu nikamfikishia, neno kwa neno, hata ile chumvi. Kisha akaniambia kitu, akanitaka nikiseme kwa sauti, polepole.

"Anasema," nikaanza, "kila Jumapili hukaa pale kwenye kigoda, anatazama mdomo wako unavyocheka na mtoto. Anasema anajua vizuri jinsi chumvi hiyo inavyoombwa."

Shemeji alimtazama mumewe muda mrefu. Sidhani kama miaka yote ile ya ndoa aliwahi kuiona Jumapili ile kutoka kwenye kigoda. Hakuniomba nimtafsirie jibu. Alilitafuta mwenyewe: akajionyesha kifuani, akamwonyesha mumewe, akaigiza mtu anayeandika ubaoni. Nifundishe. Kisha akaongeza kwa mdomo, akinitazama mimi, "Lakini mwambie asinifokee nikikosea. Mikono yangu imezoea mkasi."

Jumatatu kishikwambi kikaja nyumbani. Kabla ya kukiwasha, mwenzangu alikitengenezea kibao cha kusimamia kutokana na masalio ya mninga, chenye mfereji wa kukiingiza na upenyo wa waya wa chaji. Mimi nikakipiga vanishi mara tatu, kikang'aa kushinda kishikwambi chenyewe.

Simu ya kwanza ilikuwa vurugu. Binti alikuwa amekaa mgongo kwa dirisha, akaonekana kivuli kitupu. Baba akamwambia ahame, binti hakuona kwa sababu baba alisema haraka na mikono ikawa moshi. Picha ikaganda binti akiwa amefumba jicho moja. Shemeji akaniangalia kama anayesema, si niliwaambia? Picha ilipofunguka, binti alikuwa upande wa mwanga, sura yake yote na mikono yake yote ndani ya kioo, na alama ya kwanza aliyoitoa ilikuwa: "Baba, polepole!"

Basi akaenda polepole. Mtu aliyekuwa akiongea kama mvua ya mawe akalazimika kutua kila alama, aiache ionekane, ndipo atoe nyingine. Shemeji aliyekuwa amekaa nyuma ya bega lake akaanza kusogea mbele kidogo kidogo. Alama za haraka kwake zilikuwa ndege, lakini hizi za polepole, alisema baadaye, zilikuwa kuku, unaweza kumkimbilia ukamkamata. Akakamata moja, akakamata ya pili. Mwishowe akajitosa. Alitaka kumwambia binti yake "tumekukumbuka." Sijui aliteleza wapi, akamwambia "tumekukaanga."

Binti aliinama kwa kicheko mpaka akatoka kwenye picha. Baba akapiga meza. Shemeji, bila kusikia hata chembe ya sauti kutoka kwenye kile kioo, alicheka kwa kuona tu.

Nisikudanganye, kishikwambi kile kilikuwa na visa vyake. Kinameza intaneti kama mchanga unavyokunywa maji. Kikipata joto kinajizima katikati ya neno. Betri inakwisha mapema, kwa hiyo kimekuwa kama mgonjwa anayesukumwa pamoja na dripu yake, popote kiendapo waya unafuata. Karakanani tulikifunika nailoni, na bado vumbi liliingia, nikawa nakipuliza kila asubuhi. Lakini wateja walianza kuonyesha kwa kidole, kwenye picha zake, wanachotaka, na ubishi wa kabati ukapungua. Na viziwi wenzake aliosoma nao, waliotawanyika kila upande, wakaanza kumtokea mmoja mmoja kwenye kioo: fundi viatu, mama wa mkahawa, jamaa mmoja aliyenenepa mpaka tukasogeza kibao nyuma aenee. Mikono ikatoka mfukoni ikasahau njia ya kurudi.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliweka kwenye mizani.

Binti alikuwa ameanza mazoezi wodini. Siku moja akapiga simu mchana, amevaa sare, macho yamevimba. Aliletwa mama mmoja kiziwi, binti akasema, mwenye maumivu ya tumbo, na wauguzi wote wakawa wanampigia kelele masikioni kana kwamba kusikia ni suala la bidii. Mama yule alikuwa akitetemeka. Binti alipomsalimia kwa mikono, mama huyo alimkumbatia akakataa kumwachia. "Baba, kama nisingekuwa zamu, je?"

Wenzake chuoni walimwomba awafundishe. Naye akawaza, nani wa kuwafundisha vizuri kuliko aliyemfundisha yeye?

Ndivyo Jumamosi mchana zilivyobadilika. Binti anakaa upande mmoja anatafsiri, na nyuma yake wanajaa wanafunzi wa uuguzi, wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti, kile kioo kidogo kimesheheni nyuso mpaka pembeni. Upande huu yupo Fundi Kimya amevaa shati la kupigwa pasi, na shemeji kando yake akiwa mwanafunzi wa tano au wa kumi, anakosea pamoja nao. Na kwa kuwa kamera haivumilii haraka, mwalimu anatua kila alama. Wale vijana wanaidaka yote. Sijui kwenye kioo cha bei kubwa angekwenda mwendo gani, pengine wangeona ndege tu kama tulivyoona sisi.

Anawafundisha kwa kuigiza. Leo anaumwa jino, wiki ijayo amevunjika mguu, wiki nyingine ni mjamzito, amejifunga mto tumboni. Karakana ilikosa kazi ya maana Jumamosi hizo, maana nami nilikuwa naacha msasa niende kwao kutazama.

Mara moja tu hakuigiza. Mwanafunzi mmoja, msichana mrefu mwenye miwani, alimuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kulazwa. Akajibu ndiyo. Alikuwa kijana, ameanza tu kazi, akaingizwa hospitali moja akiwa anaumwa ubavu. Walimvua nguo, wakamnyoa tumbo, wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, wala hakuna aliyemwambia anakwenda wapi. Alipozinduka na kuona mshono alidhani wameondoa kitu ambacho hatakaa aishi bila hicho. Alikaa siku kadhaa akisubiri kufa, mpaka rafiki wa shuleni alipokuja kumtazama akamweleza kwamba ni kidole tumbo tu.

Mimi niliyekaa naye miaka yote ile sikuwa nalijua hilo. Shemeji naye hakulijua. Mkono wake ulikwenda mgongoni kwa mumewe ukakaa hapo.

Kwenye kioo hakuna aliyesogea, nikadhani kimeganda tena. Kisha yule msichana wa miwani akainua mikono. Hakumgeukia binti amtafsirie. Alitafuta alama alizofundishwa, akazipanga moja baada ya nyingine, akasubiri kila moja itue: "Wewe. Uliogopa?"

"Sana," mwenzangu akajibu.

Msichana akafikiri kidogo, akainua mikono tena. "Mimi nitauliza. Nitaeleza. Kabla."

Fundi Kimya alimsahihisha alama ya "kabla," ambayo aliikunjia kiwiko vibaya. Akamrudisha airudie, na wengine wote nyuma yake wakairudia, na shemeji akairudia, na mimi mlangoni, vidole vyangu vikiwa na vanishi, nikaona nami nimeirudia.